Mafuta Yaitwayo Sasa

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina kisa ambacho mwisho wake sinao. Mwisho mnao ninyi, kwa hiyo anayetaka kusinzia asinzie mapema.

Morogoro palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Mwamvita alipewa mikono. Alizikaanga mbegu za nyonyo, akazitwanga, akazichemsha na karafuu kidogo, kisha akaengua mafuta ambayo nywele zetu hizi za kipilipili, zinazovunja vitana, ziliyanywa zikatulia.

Kibwana, mdogo wake wa kiume, alipewa mdomo. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na ya Kibwana yangemtoa pamoja na watoto wake, tena wakamshukuru.

Sikudhani, shoga yake Mwamvita tangu utotoni, alipewa wakati. Mtaniuliza, wakati nao ni kipaji? Haya. Wahenga walituachia methali mbili zisizopikika chungu kimoja: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sisi wengine tunashika ile inayotupendeza. Sikudhani alijua leo ni zamu ya ipi. Alikuwa msusi, na kila kichwa kilichoegemea magotini pake kilimpa habari za mji.

Mafuta ya kwanza yalipopoa, Mwamvita alitaka yaingie sokoni kesho yake. Sikudhani akamwambia, "Bado." Ilikuwa Juni, baridi, kila kichwa kimejificha ndani ya rasta na mawigi, na nani hununua mafuta ya nywele asizoziona? Kibwana hakuamini, akatoka na chupa chache kimyakimya. Zilirudi zote, na vumbi juu.

Basi wakangoja. Msidhani kungoja ni kukaa. Mwamvita alitwanga mpaka viganja vikaota sugu, huku majirani wakimuuliza kama anapika mafuta au anayaatamia. Kibwana alikataa kazi ya ulinzi aliyotafutiwa na mjomba wake. Na kila walipouliza, Sikudhani alijibu lile lile: bado. Ikafika mahali hata ugali ulikuwa hauwashuki wakilisikia neno hilo.

Ikaingia Novemba. Wasichana wa kidato cha nne walikuwa wanamaliza mtihani, na sheria za shule mnazijua: miaka yote hiyo vichwa vyao vilikuwa vinanyolewa. Siku wanayotoka getini ndiyo siku nywele zao zinaanza maisha. Asubuhi hiyo Sikudhani alisimama mlangoni pa Mwamvita, akasema, "Sasa."

Kibwana alilidaka neno hilo akaenda nalo mageti yote ya mji. "Mafuta ya Sasa! Mwalimu mkuu amekuruhusu, wewe unangoja nini?" Jina likaganda hapo hapo. Kufika Krismasi, mama za wasichana nao walikuwa wanayagombania.

Habari zikamfikia Mama Nkinda, tajiri aliyeanza kwa kuuza maandazi, na aliyefurahi kila alipomwona Mwafrika mwenzake anasimama kwa kazi yake. Alikuwa na fremu tupu ya duka katikati ya soko. Akatuma ujumbe kwamba atawaita, ampe fremu hiyo mwenye mafuta ya Sasa, iwe mali yake. Ila mwenyewe awe mmoja, jina moja juu ya mlango. Ujanani aliwahi kuwa na duka la watu watatu, likafa kwa ugomvi.

Watatu wakakubaliana waende pamoja, wajieleze, mama aamue. Mwamvita na Sikudhani wakanunua hadi kitenge cha sare. Kila jioni Sikudhani alipita kuuliza kama wameitwa, na Mwamvita akamjibu, "Bado, shoga yangu." Sikudhani akaamini. Angelitiliaje shaka neno ambalo ni lake mwenyewe?

Siku moja ya Januari alikuwa anasuka, mteja akampa hongera. Amewaona wenzake kwenye fremu na Mama Nkinda, wamependeza. Mbona yeye yuko huku? Sikudhani alikiacha kichwa cha watu nusu kimesukwa, jambo ambalo msusi hafanyi, akaenda. Akamkuta Kibwana, na Mwamvita amevaa kile kitenge cha sare. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Mama Nkinda.

"Jana nilikuuliza," Sikudhani alisema. "Ukaniambia bado."

Mwamvita alitazama chini. "Ungekuja, ungesema bado hata kwa fremu hii. Januari watu wanalipa ada, soko limelala. Mama angempa mwingine, mimi nibaki na sugu zangu."

Sikudhani hakuweza kukanusha. Kwa sababu ni kweli, ndivyo alivyokuwa amepanga kusema. Ilimuuma kusalitiwa, na ikamuuma zaidi kwamba aliyemsaliti alimjua hivyo.

Mama Nkinda akataka kila mmoja aseme lake. Mwamvita akasema bila mikono hakuna mafuta, akaonyesha viganja. Kibwana akasema mafuta hayajiuzi, na jina lenyewe nani alilipeleka mjini?

"Juni mikono ilikuwepo," Sikudhani alisema. "Mdomo ulikuwepo. Chupa zikarudi na vumbi." Kisha akamgeukia Mwamvita. "Ungeniomba hii fremu, shoga yangu, ningekuachia. Hukuniomba."

Mwamvita akaanza kulia, lakini hakusema kwamba anaiacha.

Mama Nkinda ameugeuza ufunguo kiganjani, anawatazama wote watatu, na hapo ndipo hadithi yangu iliponiishia. Mikono ilipika, mdomo ukauza, na wakati ukafungua mlango. Waliosaliti ndio waliosota, na aliyesalitiwa angeikataa bahati kwa kuingoja iive.

Je, wewe ungemkabidhi nani ufunguo? Jibuni sasa, na asiwepo wa kuniambia bado.