Udongo wa Mzee Shemweta

Mvua ilisomba mahindi ya mjane Mwajabu, ikamwachia tope tupu. Mzee Shemweta, tajiri mwenye shamba la juu mlimani, akashuka, wala si kumpa pole.

"Shemeji, tope hili ni udongo wangu. Naudai."

"Uchukue, shemeji. Cha mtu ni haramu. Ila utakaoshuka tena nitauita riziki aliyoniletea Mola."

"Hautashuka hata kiganja."

Shemweta akakodi vijana, wakachimba mitaro ya kukinga maji mteremko mzima. Kisha akaanza kupandisha udongo kwa kikapu. Adhuhuri mgongo ukamkatalia, akausamehe udongo.

Masika yaliyofuata, mahindi ya Mwajabu yalisimama imara.

"Marehemu mume wangu alimwomba mitaro hiyo hadi anaingia kaburini, akanyimwa," alimwambia dada yake. "Mimi sikumwomba kitu."