Chui Alipolea Watoto wa Bi Kindi

Paukwa!
Pakawa!
Kikombe?
Cha uji.
Kilio?
Cha mtoto.
Mwiba?
Wa kuandikia.
Haya, sogeeni.

Alikuwapo Bi Kindi, mtunzi wa ngano. Alikaa na mumewe na watoto wao watatu, Njugu, Kokwa na Kikonyo, katika tundu la mfenesi mkubwa. Mwiba wa mlimau ndio kalamu yake, majani makavu ya mgomba ndiyo karatasi. Asubuhi mumewe alikwenda kutafuta chakula, alasiri akashika watoto ili mkewe aandike. Hayo ndiyo makubaliano yao, lakini watoto hawajui makubaliano. Bi Kindi akiandika mstari, kwaru kwaru, Njugu ana njaa. Akiandika mstari, kwaru kwaru, Kokwa kaanguka. Akiandika mstari, kwaru kwaru, Kikonyo anamtaka mama, baba hamtaki. Hata hivyo kila Ijumaa wanyama walikusanyika chini ya mfenesi, na kila Ijumaa ngano ilikuwa tayari. Fupi, lakini tayari.

Asubuhi moja, mume hayupo, akaja Chui. Chui huyu alikuwa na nguvu na uroho. Akipata nyama hagawi, akipata kivuli hagawi. Akasema tangu siku hiyo ngano zote ni zake peke yake, na ya kwanza imhusu yeye, iwe ndefu, iwe tayari baada ya siku tatu. Bi Kindi akamweleza kwa adabu kwamba ana watoto, muda hana.

Chui akatazama juu. "Wako wangapi? Nikupunguzie."

Bi Kindi akawasukuma wanawe ndani ya tundu. Chui hupanda miti, hakuna tawi asilolifikia. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya adabu: "Bwana Chui, hawa ndio wanaonipa maneno. Mtoto akipungua, na ngano inapungua. Ukimla Kokwa leo, Chui wa kwenye ngano atakosa mkia."

Chui akaugeukia mkia wake, akautazama kitambo. "Sasa tufanyeje?"

"Walee. Wakicheka, mwiba unakwenda. Wakilia, mwiba unasimama."

Basi Chui akawa yaya. Njugu alitaka karanga. Zikaletwa, akasema anataka zilizomenywa. Chui akamenya. Kokwa alitaka kubebwa. Akabebwa, akasinzia, na kila akiwekwa chini anaamka. Kikonyo alihesabu madoa ya Chui akapata ishirini, Njugu akapata arobaini, wakagombana, ikabidi wahesabu upya na Chui asitikisike. Na juu kule, kwaru kwaru kwaru.

Jani la kwanza Bi Kindi aliliandika jicho moja likiwa chini kwa wanawe. La pili akaliandika kwa macho yote mawili. Mumewe aliporudi akamkuta Chui anamfuta Kikonyo pua, na mzigo ukamponyoka, puu. Mkewe akamnong'oneza habari yote. Mume akakaa juu ya tawi, akilinda.

Siku ya pili watoto walicheka sana huko chini, na mwiba ukasimama wenyewe. Bi Kindi hakujua wanacheka nini, na hilo lilimchoma. Jioni akawapakata, akawauliza. Wakamwambia kwamba Chui hastahimili kutekenywa, tena ana doa moja ambalo si doa, ni jipu. Bi Kindi akayaandika yote, na uongo aliomwambia Chui ukawa kweli.

Siku ya tatu, adhuhuri, ngano ilikuwa tayari. Wanyama wengine walikuwa wamesikia, wakaja wakasimama mbali. Bi Kindi akaanza kusoma. Chui, ambaye kwa siku tatu hakupata hata lepe la usingizi, akasikia jina lake, akatabasamu, na kabla ya mstari wa pili, khoro, khoro. Bi Kindi akapaza sauti ili walio mbali wasikie. Ngano ilipofika kwenye jipu, ikabidi Pundamilia aketi chini kwa kicheko.

Chui alipozinduka, jani la mwisho lilikuwa limeshasomwa. Akaona haya kuuliza.

"Nzuri," akasema. "Hasa mwisho."

"Ahsante, Bwana Chui. Ijayo itataka siku thelathini. Watoto hawa hapa, wamekuzoea."

Kokwa alikuwa ameshaanza kumpanda mgongoni. Chui akamteremsha taratibu, akasema amekumbuka mjomba wake ni mgonjwa ng'ambo ya mto, akaenda zake. Hakurudi tena. Alasiri ile mume akashika watoto, na Bi Kindi akaandika mistari minne kabla hajaitwa. Akaona yatosha, akashuka kuwaogesha.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni vidole; ikiwa chungu, kunyweni maji.

Na funzo lake ni hili: anayetaka kutunga asizae, maana watoto hula muda wote. Mimi mwenyewe ngano hii niliitunga mahali patulivu, peke yangu, bila mtoto yeyote kunisumbua. Nanyi wawili, shukeni mgongoni mwangu, uji unapoa.