Chumba cha Pili cha Nakijwa

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzijuzi za babu zetu, palikuwa na mwanamke huko milima ya Upare, jina lake Nakijwa. Sogeeni karibu. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu anijibu kwa kubahatisha.

Nakijwa hakuwa na nyumba. Kulala alilala, kama sote tunavyolala, lakini alilala kwa watu.

Alifiwa na wazazi angali mdogo, akachukuliwa na baba yake mdogo. Nyumba ilikuwa imejaa watoto wa wenyewe, basi yeye akalazwa upande wa mbuzi. Akienda mtoni asubuhi, wenzake wanaziba pua. Akasema moyoni: "Siku nitakayokuwa na nyumba, kati yangu na mbuzi patakuwa na ukuta."

Akakua, akaolewa. Mumewe akampeleka kwa mama yake, Namcheja, mwanamke mkali kama pilipili kichaa. Mume alikuwa mtu wa kushuka nyikani na ng'ombe, na kila alipoondoka, Namcheja alimhamishia mkwewe jikoni. Jiko halikuwa na tundu la moshi. Nakijwa akapika humo, akalala humo, akakohoa humo. Akasema moyoni: "Siku nitakayokuwa na nyumba, moshi utakuwa na njia yake na mimi nitakuwa na yangu."

Mumewe akafa kabla hawajajaliwa mtoto. Shemeji yake, Kisaka, akamchukua. Akamtafutia pa kulala, akampa ghala la maharage. Ghala lile halikuwa na dirisha. Asubuhi mwanga ulipenya kwenye ufa mmoja, ukaangukia gunia, ukaondoka. Akasema moyoni: "Siku nitakayokuwa na nyumba, itakuwa na dirisha, tena dirisha la chini, usawa wa mtu aliyeketi kitandani. Mtu akiugua asingoje kuinuliwa ndipo aone kumekucha."

Hivyo nyumba ikawa inajengeka kichwani mwake, ukuta baada ya ukuta, na hakuna aliyejua. Hakuna, isipokuwa mtoto mmoja.

Mtoto huyo ni Nanzia, binti yake Kisaka. Alipenda kujipenyeza ghalani akalale na mama yake mkubwa. Wakishalala chali, mtoto huanza:

"Mama mkubwa, leo tuko wapi?"

"Leo tuko barazani."

"Baraza ni kubwa?"

"Kubwa ya nini? Ya watu wawili. Akija wa tatu, tunabanana."

"Na mlango?"

"Mlango unatazama migomba, hautazami njia. Mpita njia atanisalimu, lakini hatajua nimepika nini."

"Kwa nini usijenge nyumba kubwa kama ya baba?"

Nakijwa hucheka. "Kubwa nitaifagia na nani? Vyumba viwili, jiko na baraza. Nikisimama katikati nikaita, kila pembe inisikie. Basi, imetosha."

Mtoto hulala katikati ya nyumba hiyo, na kesho yake huanzia pale alipoishia.

Miaka ikaenda. Nanzia akaolewa ng'ambo ya mlima. Nakijwa akabaki na maharage yake.

Siku moja alikutwa ameanguka mlangoni pa ghala. Upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda, sauti imekwisha. Wakamlaza. Alipopata nafuu kidogo alianza jambo lililowatisha watu: kila siku, kwa kidole cha mkono mzima, alikwaruza sakafu ya udongo kando ya kitanda. Anakwaruza, anafuta, anakwaruza tena. Mke wa Kisaka akasema, "Akili nayo imeondoka." Wakaacha hata kumsemesha.

Ndipo Nanzia akarudi kwao. Mumewe alikuwa ameoa mwingine na kumfukuza, na baba yake hakuwa na pa kumweka ila ghalani, pamoja na mgonjwa. Akaingia na kifurushi chake. Akamwona mama yake mkubwa anakwaruza. Akainama kumpangusa mkono, kisha akasimama ghafla.

"Mama mkubwa! Hapa ni mlango?"

Nakijwa akaacha. Akamtazama. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Na huku ni migomba?"

Ndiyo.

"Na hapa ndipo tunapobanana watatu?"

Machozi yakamtoka mgonjwa. Nanzia akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili, ule mzima na ule uliolegea. "Hukuchanganyikiwa," akamwambia. "Waliokuzunguka ndio hawakuijua nyumba."

Kesho yake Nanzia alimfuata Mrindoko. Huyu Mrindoko alikuwa fundi wa kujenga, mtoto wa dada yake Nakijwa aliyekwisha kufariki. Ajabu ya fundi huyu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na nyumba: alilala katika nyumba anazojenga, na zikiisha anahama. Lakini alikuwa ameposa, na baba wa msichana alimwambia wazi, "Binti yangu hatalala kwenye kiunzi. Nionyeshe paa, nikupe mke." Ndiyo maana Mrindoko alikuwa amekata nguzo za mtarakwa, mti usioliwa na mchwa, akazikausha kwa subira, akazifunika majani kama mtu anayefunika mtoto.

Nanzia akamweleza yote. Mrindoko akazitazama nguzo zake muda mrefu.

"Mama mdogo ndiye aliyenibeba nilipofiwa na mama," akasema. "Hizi nilizikata kwa ajili ya nyumba. Na ile ni nyumba. Haya, tujenge wapi?"

Hapo wakakwama. Kisaka alikwisha kusema hana ardhi ya kumpa mjane asiye na mtoto. Kipande pekee kilichobaki katika ukoo ule kilikuwa bustani ya migomba ya Namcheja, yule mama mkwe, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Naye sasa ni kikongwe, anaishi kwa Kisaka na kuingoja siku yake. Wakamwendea. Wakamkuta anamenya ndizi. Nanzia akamweleza bibi yake nyumba ilivyo: vyumba viwili, baraza, dirisha la chini, tundu la moshi.

"Tundu la moshi la nini?" bibi akauliza. "Sisi tulilia moshi na tukakua."

Nanzia akamtazama Mrindoko.

"Nimekuuliza, mjukuu wangu. Sema."

"Kwa sababu jikoni kwako, bibi, alikuwa akilia kila siku, na wewe ukisema ni moshi."

Kisu kikasimama katika ndizi. Mrindoko akamkanyaga Nanzia mguu. Namcheja akamwacha kuku aokote maganda miguuni pake. Kisha akasema, "Nilijua haikuwa moshi." Akainuka kwa fimbo yake, akawapeleka bustanini, akasimama palipo na mwinuko mdogo. "Hapa. Maji hayatuami hapa. Jengeni."

Kisaka aliposikia, alikuja amevimba. Bustani ile aliihesabu kuwa yake. "Mama, umempa mkwe mgonjwa mali ya wajukuu zako? Vema. Uliyempa shamba ndiye akulaze!" Akaitoa nje ngozi ya kulalia ya mama yake. Kikongwe akahamia kwa jirani, pembeni mwa jiko la watu, kwenye moshi.

Wakajenga. Mrindoko akachimbia nguzo, Nanzia akakanda udongo na kusema: mlango usogee huku, rafu iwe pale. Siku moja Mrindoko akamaliza dirisha, akarudi nyuma alitazame, ameridhika.

"Libomoe," Nanzia akasema.

"Libomoe? Dirisha zuri hili?"

"Ni la mtu aliyesimama. Yeye alisema la mtu aliyeketi."

"Nanzia, nyumba zote za mlima huu madirisha yako hapa!"

"Na yeye katika nyumba zote za mlima huu alikuwa haoni nje."

Mrindoko akalaani, akatupa shoka, akaenda kunywa maji mferejini. Akarudi, akalibomoa.

Nyumba ikaisha mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya kilele. Wakamleta Nakijwa kwa machela. Mlangoni akakataa kubebwa. Akashuka, akajishika ukutani, akaingia peke yake, mguu mmoja ukiburuzwa. Kisha akafunga mlango.

Wakabaki nje. Namcheja amekalia jiwe. Nanzia anauma kucha. Mlango haufunguki.

"Nimekosea wapi?" Mrindoko akanong'ona. "Ni rafu? Niliiweka juu mno?"

"Labda ni mimi," Nanzia akasema. "Labda nimesahau kitu."

"Labda hataki kukaa kwenye ardhi yangu," akasema Namcheja, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakasikia hatua zinaburuzwa kutoka pembe hadi pembe. Zikasimama. Zikaburuzwa tena. Halafu mlango ukafunguka, na Nakijwa akasimama kizingitini, uso umelowa, mdomo uliopinda unahangaika kutafuta neno. Wote wakasogea. Likatoka:

"Ka... karibuni."

Neno hilo alikuwa hajawahi kulitamka maisha yake yote. Angemkaribisha nani, na wapi?

Nanzia akapiga kigelegele hadi mbuzi wa jirani wakatawanyika. Mrindoko akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Na bado wanacheka, mvua ikashuka, mvua kubwa ya kwanza. Wakakimbilia ndani wote, wakainua macho juu wakingoja tone. Hakuna tone. Wakawasha moto, moshi ukapanda, ukaliona tundu, ukaenda zake. Nakijwa akaketi kitandani, akaweka kiwiko dirishani, akaitazama mvua ikinyeshea migomba. Akazishusha pumzi, moja baada ya nyingine, kama aliyekuwa amezibana tangu utotoni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye tabu.

Chumba kimoja ni cha Nakijwa, na hilo hakuna aliyelibisha. Chumba cha pili je? Chumba chenyewe ni upana wa kitanda na nafasi ya kugeukia. Msiniambie wabanane, kubanana ni barazani. Na mvua ilikuwa imeshika milima, kila mmoja akihitaji pa kulala.

Mrindoko akasema, "Chumba ni changu. Nguzo zile zilikuwa mke wangu na watoto wangu. Nilizichimbia hapa kwa mikono yangu. Sasa sina mti, wala mchumba atakayeningoja nikate mingine na kuikausha. Maneno hayajengi nyumba."

Nanzia akasema, "Kama maneno hayajengi, mbona ulibomoa dirisha? Bila mimi ungemjengea mama mkubwa kibanda kama vibanda vyote, naye angekufa watu wakisema ni kichaa. Nyumba hii niliitunza kichwani tangu mdogo. Na sasa yeye ametoka ghalani, aliyebaki mle kwenye maharage ni mimi."

Namcheja akasema, "Mngeijenga hewani? Nilitoa nilichokuwa nacho, na sikuwa na kingine. Kwa ajili hiyo mwanangu wa kumzaa amenitoa nje na uzee huu."

"Lakini bibi," Mrindoko akasema kwa upole, "nisamehe, wewe ndiwe uliyemlaza jikoni."

"Ndiyo, ni mimi," kikongwe akajibu. "Ninyi mlimpenda tangu mwanzo, kumtendea mema hakukuwagharimu moyo. Mimi nilitoka mbali. Nipimeni kwa njia niliyoitembea."

"Na yeye aliyekuwa akilia kwa ajili yako, naye apimwe kwa nini?" akasema Nanzia. Hapo kukawa na kelele, kila mmoja anamkatiza mwenzake.

Wakamgeukia Nakijwa. Ulimi wake ulikuwa umeanza kufunguka, ukitoa maneno machache kwa siku. Wakamwuliza: chumba cha pili ulikikusudia nani? Nanzia mwenyewe alikiri kwamba katika miaka yote ile ya ghalani hakumwuliza hata mara moja.

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama fundi aliyempa mti wake. Akamtazama binti aliyempa kumbukumbu yake. Akamtazama mama mkwe aliyempa ardhi yake. Akasema taratibu, neno kwa neno:

"Mimi... nilipewa vyumba vyote na watu. Kuchagua... sijawahi. Nikichagua mmoja, wawili... nimewatoa nje. Waulizeni... majirani."

Majirani wakaja, wakaketi, wakabishana, na mvua ikawanyeshea hapo hapo. Wanaume wenye mashoka walisema hivi, wanawake walioolewa mbali wakasema vile, na vikongwe wakagonga fimbo chini, wakasema lao. Hawakuafikiana. Ndiyo maana hadithi imefika kwangu bila shauri kukatwa, nami nimeileta hivyo hivyo kwenu.

Haya, nyinyi mliokaa pakavu. Yuko aliyetoa mti, yuko aliyetunza nyumba moyoni, yuko aliyetoa ardhi baada ya kutesa. Chumba ni kimoja. Je, nani alistahili kulala humo?