Mfungwa Aliyekataa Kuweka Dole Gumba

Kaeni, wapendwa. Leo nimechoka, tena sana, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyefungwa miaka kumi na mitano kwa wizi wa ng'ombe. Hakuiba. Kituoni aliambiwa, "Weka dole gumba hapa, uende nyumbani." Hakujua kusoma, akaweka. Kumbe karatasi ile ilisema amekiri. Iliposomwa mahakamani, hakuna aliyetaka kumsikiliza tena.

Siku ya tatu gerezani, askari akamletea karatasi nyingine. "Mzee, hii ni ya kusema unataka kukata rufaa. Zimebaki siku saba. Weka dole gumba."

Mzee akaficha mkono kwapani. "Mwanangu, kidole hiki kimeshanifunga mara moja."

Je, wewe ungeweka? Basi siku saba zikapita, na miaka sita juu yake. Mke wake akafa, akazikwa yeye hayupo. Ndipo mfungwa mwenzake aliyejua kusoma akamwambia kwamba bado anaweza kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Akaomba. Akapelekwa mbele ya jaji, mama mmoja aliyekuwa na mafaili hadi kidevuni.

"Mheshimiwa, mimi sikuiba ng'ombe wa mtu."

"Mzee, hilo bado sijaliuliza. Kwa nini ulichelewa miaka sita?"

"Sikuiba, mama."

"Nimekusikia. Kwa nini ulichelewa?"

Mzee akatazama kidole chake. Halafu, kwa aibu, akasema, "Niliogopa kuweka dole gumba." Akaeleza yote. Wakili wa serikali akasimama kupinga: muda uliwekwa na sheria, ukapita, na woga si sababu. Jaji akaandika kidogo, akasema, "Ruhusa imetolewa. Lete rufaa yako."

Mzee akalia. Askari akamnong'oneza, "Usilie, mzee, hujaachiwa. Tunarudi gerezani."

"Najua, mwanangu. Nalia kwa kuwa kuna mtu atanisikiliza."

Sasa najua mnachongoja. Mnangoja niseme mfungwa yule ni sisi, na jaji ni Mungu. Ningependa, maana mahubiri hayo ni matamu na kila mtu huenda nyumbani kula kwa amani. Lakini sisi wa kanisa hili ndio yule wakili aliyesimama kupinga. Dada tuliyemtenga miaka minne iliyopita, kwa neno la mtu mmoja, amekuja kwangu mara tatu. Haombi tumrudishe kwenye kwaya. Anaomba tumsikilize. Nanyi wazee wa kanisa mmenijibu, "Mchungaji, muda wake ulishapita."

Mimi nimechoka kumpelekea jibu hilo. Yuko nje hapo, kwenye benchi, tangu tulipoanza ibada. Nani kati yetu atakwenda kumwita?