Mgeni Aliyesema Kata

Paukwa!

— Pakawa!

Hizo ni sauti za watu walioshiba au za wagonjwa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Sasa nyamazeni. Mimi sipendi kusimulia huku watu wananong'ona, na hadithi hii ikikupita usinijie kesho kuniuliza ilikuwaje.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na Jumbe. Jumbe aliitwa Mfaume, naye alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusema "sijui." Ukimuuliza njia ya mahali asipopajua, anakuonyesha. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anakuambia, na isiponyesha anaikasirikia mvua.

Palikuwa pia na mjane, jina lake Mwanamvua. Mume kafa, watoto bado wadogo, na mali yake yote ni migomba iliyopandwa nyuma ya nyumba yake, kando ya njia. Asubuhi ndizi, jioni ndizi, wanamshukuru Mungu.

Na palikuwa na Bibi Kidawa. Huyo ndiye tunayemkumbuka mpaka leo. Mfupi, mkavu, meno ya mbele hana, lakini akiuliza swali watu wazima wanatafuta pa kujificha.

Basi siku moja, mchana kweupe, mbwa wakabweka. Bwe! Bwe! Bwe! Njiani akatokea Mwingereza. Mwekundu, jasho linamchuruzika, nguo zimejaa miiba. Alikuwa amepotezana na wenzake porini, na Kiswahili chake kilikuwa maneno machache tu: maji, mimi, asante, basi. Akasimama pale pale kwenye migomba ya Mwanamvua. Watu wakajaa kumtazama.

Jumbe Mfaume akajitokeza, kilemba kichwani, tumbo limetangulia.

"Unataka nini hapa?"

Mgeni hakuelewa. Akadhani anaulizwa jina. Na jina la ukoo wao lilikuwa Carter. Ndivyo wanavyoliandika kwao, lakini likitoka mdomoni mwa Mwingereza, jamani, ni Kata tupu.

"Kata!" akasema, akapunga mkono.

Watu wakatazamana. "Kasema kata. Kata nini?" Wote wakamgeukia Jumbe. Na Jumbe, nimeshawaambia ugonjwa wake.

"Hamna macho? Migomba inamzibia njia! Kateni!"

Vijana wakachomoa mapanga. Kacha! Kacha! Puu! Mgomba chini.

Mgeni akashtuka. Akaona labda hawakumsikia vizuri, akapaza sauti: "Kata! Kata!"

"Anasema bado! Kateni!"

Kacha! Kacha! Puu!

"Kata! Kata! Kata!"

Kacha, kacha, kacha! Puu, puu, puu!

Weee! Mwanamvua anarudi kisimani na mtungi wake kichwani, anakuta migomba yote imelala. Mtungi ukamponyoka. Pwaa! Akaingia ndani, akatoka na mchi wa kutwangia.

"Nani? Nani kanikatia migomba yangu?"

Vidole vyote kwa mgeni. Cha Jumbe kilikuwa cha kwanza.

"Tulia, Mwanamvua," Jumbe akasema. "Migomba itachipua."

"Mwakani! Na wanangu wale nini mpaka mwakani? Wale kilemba chako?" Akaanza kulia, mchi mkononi, na lile halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo. Watoto wake walikuwa wamemshika kanga.

Mgeni alipouona ule mchi akaanza kujipigapiga kifua. "Mimi Kata! Mimi Kata!"

"Makubwa! Sasa anataka akatwe yeye mwenyewe," kijana mmoja akasema. Akanyanyua panga, akamtazama Jumbe akisubiri neno. Na Jumbe akafungua mdomo.

"Shusha hilo panga, mwana we!"

Alikuwa Bibi Kidawa, anapenya katikati ya watu kwa viwiko.

"Mtu anayeomba kukatwa anatetemeka hivi? Enyi watu, kuna aliyemuuliza kata nini?"

Vijana wakaficha mapanga mgongoni.

"Jumbe Mfaume, baba. Wewe unajua alitaka kikatwe nini?"

Jumbe akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sijui." Watu wakashika vinywa. Hawakuwahi kulisikia neno hilo kwake.

Bibi Kidawa akajigusa kifuani. "Mimi Kidawa." Akamgusa Jumbe. "Huyu Mfaume." Akamnyooshea mgeni kidole. "Wewe?"

"Kata," mgeni akajibu, taratibu.

"Aaah! Kumbe jina!"

"Jina gani hilo?" Mwanamvua akafoka. "Kalitamka tu, shamba langu limekwisha! Akilala hapa, kesho tutaamka hatuna hata nyumba. Aende zake!"

"Aende! Aende!" watu wakadakia, wakimwonyesha pori. Na pori lile lilikuwa na simba. Mgeni maneno hakuyajua, lakini mkono unaokuelekeza porini kila mtu anauelewa. Machozi yakamlengalenga.

"Subirini," Bibi Kidawa akasema. "Jina halikuanguka na mvua. Yuko mtu wa kwanza kuitwa hivyo, na iko sababu. Tuijue kwanza hiyo sababu. Ikiwa mbaya, mimi mwenyewe nitamtoa kijijini."

Akamkalisha mgeni chini, akawa anamuuliza kwa mikono. Baba yako? Kata. Babu yako? Kata. Babu wa babu yako? Kata, Kata, Kata. Na yule wa mwanzo kabisa, alikuwa akifanya nini?

Mgeni akawaza. Akaokota kijiti, akachora mchangani.

"Mbuzi," mmoja akasema.

"Fisi huyo!"

"Fisi ana pembe, we kipofu? Ng'ombe."

Nyuma ya ng'ombe akachora duara, akachora na la pili. "Nyungo!" "Vyungu!" Juu ya maduara akapanga vitu vilivyovimba, wengine wakasema magunia, wengine wakasema wanawake wamekaa. Mgeni akakitupa kijiti. Akainuka, akautwaa mkungu wa ndizi, akautia begani, akazunguka uwanjani ameinama, hoo, hoo, hoo, anamswaga ng'ombe ambaye hakuna anayemwona. Akafika mbele ya Mwanamvua, akautua mkungu miguuni pake, akajifuta jasho.

Bibi Kidawa akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mbebaji! Babu yao alibeba mizigo ya watu kwa gari la ng'ombe, kama yale ya pwani. Watu wakamwita kwa kazi yake. Akafa, kazi ikaisha, watoto wakabaki na jina. Huyu hapa sidhani kama amewahi kubeba hata kuni!"

Akaokota jani kavu la mgomba, akalisokota, akalizungusha likawa pete nene, akaiweka juu ya kichwa cha mgeni. Ile ile wanayojitwika wanawake chini ya mtungi.

"Enhe. Na hii sisi tunaiitaje?"

"Kata!"

"Nini?"

"Kataaa!"

Hata Mwanamvua akacheka, machozi bado mashavuni.

"Lakini watoto wa Mwanamvua hawashibi kwa kicheko," Bibi Kidawa akasema. "Mikungu hii ikikaa itaoza. Gulio la ng'ambo ya mto halijavunjika, na wenzetu kule wana mtama. Ndizi ziende, mtama urudi. Nani anabeba?"

"Mgeni!" Jumbe akawahi. "Si ndiyo kazi ya babu yake?"

"Atabeba. Vijana waliokata nao watabeba. Na aliyesema kateni?"

Jumbe akatazama mawingu. "Bibi, mimi ni Jumbe."

"Najua. Inama."

Jumbe akainama. Kilemba kikatoka, kata ikakaa, mkungu ukapanda juu. Wakashika njia, mgeni mbele, Jumbe nyuma anahema. Watoto wakawafuata wakipiga kelele: "Anapita Kata!" "Kata yupi?" "Wote wawili!"

Mtama ukarudi, ukajaa ghala la Mwanamvua. Na kila gulio Jumbe akawa anambebea Mwanamvua kuni, na mihogo kutoka shambani kwake mwenyewe Jumbe, mpaka migomba ikazaa tena. Wale watoto hawakulala na njaa. Yule Mwingereza, wenzake walikuja kumchukua, akaondoka na kata yake mfukoni, anaaga huku analia. Jumbe akabaki na jina. Mwanzoni aliwatukana waliomwita hivyo. Baadaye akazoea. Baadaye zaidi, ukimwita Jumbe haitiki, ukimwita Kata anakuja anatabasamu, kwa sababu aliona watu wanalitamka kwa mapenzi. Watoto wake wakaitwa wana wa Kata, na wajukuu, na vitukuu.

Sasa niambieni. Mimi ninayewasimulia, jina la ukoo wangu nani?

— Kata!

Enhe! Na si kwa Mwingereza nilikotoka, ni kwa yule mwenye kilemba. Ukisikia neno usilolielewa, uliza kabla hujashika panga. Na ukiwa na jina, mtafute aliyelibeba kwanza, ujue alimbebea nani.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye kichwa aibebe.