Kufuli la Mlango wa Nne

Mwanamke mmoja, Nyamizi, alikuwa na ghala la mbegu za ukoo. Ndani lilikuwa chumba kimoja, lakini lilikuwa na milango minne, mmoja kwa kila mtoto wake. Na kwa kuwa funguo hupotea, na nyingine huchongwa kwa siri, alipatana na fundi wa makufuli: kila mwezi ukiandama, bila kuitwa wala kukumbushwa, abadilishe makufuli yote na kumpa kila mtoto ufunguo mpya mkononi. Fundi hakukosa hata mwezi mmoja.

Ila mlango wa nne ulikuwa wa Mihayo, kitinda mimba, aliyegombana na kaka zake akaondoka na ufunguo wake mfukoni. Fundi alipoufikia mlango ule, Nyamizi alimzuia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliona kwamba kubadilisha kufuli lile ni kumfukuza mwanawe mara ya pili. Kwa miaka sita alilipaka mafuta kwa mkono wake lisishike kutu, ili siku Mihayo akirudi lisimsumbue. Alitamani kusikia hata kikohozi chake cha asubuhi.

Mvua za kupandia zilipokaribia, ghala lilikutwa tupu. Makufuli matatu yalikuwa yamefungwa vilevile. La nne lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo wake, taratibu, wala halikuwa na mkwaruzo. Majirani hawakuuliza mara mbili. Walisema ni Mihayo, na kaka zake wakaitikia. Nyamizi alilia kuliko siku mwanawe alipoondoka, maana mbegu huombwa kwa jirani, lakini jina la mtoto likishachafuka, ataliomba wapi?

Wakapanda mbegu za kuomba. Mahindi yalipokuwa yamefika magotini, mtu aliyekonda alisimama mbele ya nyumba, mbali na ghala, akapiga hodi. Nyamizi aliijua sauti kabla ya uso. Alimkumbatia, kisha akamwuliza ufunguo uko wapi.

"Ule ulinidondoka njiani, mama, wiki ileile niliyoondoka," alisema Mihayo. "Miaka yote hii nilijua nikirudi nitapiga hodi."

Mwezi ulipoandama, fundi alikuja bila kuitwa. Nyamizi alimwonyesha mlango wa nne kwa kidole, akageuka asimwone akilitoa kufuli lile.

Basi mtoto anayerudi kwa mama yake, ufunguo wa zamani ni wa nini?