Nani Asaini Nakala ya Kwanza?

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alifiche mfukoni kwanza. Fumbo hili halimpendi mwenye pupa.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi moja bila kuonana uso kwa uso. Idrisa Shemweta wa Tanga alijaliwa kubuni. Prisila Mwakalinga wa Mbeya alijaliwa jicho la kuona kosa. Hamadi Faki wa Pemba alijaliwa ulimi. Neno gumu likipita kwake hutoka laini.

Idrisa alitunga programu ya kulinda friji za chanjo: friji ikipata joto, ujumbe unaingia kwenye simu ya nesi. Akaiweka mtandaoni bure, wazi kwa yeyote kuifungua na kuirekebisha. Bila yeye pasingekuwa na kitu.

Prisila aliifungua, akagundua kwamba umeme ukikatika programu nayo hunyamaza, saa ileile inapohitajika. Alihangaika nayo siku tisa hadi ikakaa sawa. Bila yeye ingebaki pambo.

Hamadi aliona ujumbe umeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, manesi wanaupita tu. Akauandika upya: "Friji inapata joto. Hamisha chanjo sasa hivi." Bila yeye pasingekuwa na wa kuusikiliza.

Ikaja siku umeme ukakatika huko milimani Lushoto. Nesi Eliwaza wa zahanati ya huko akasoma ujumbe, akahamisha chanjo za watoto mia tatu. Hata moja haikuharibika.

Idrisa akaandika kitabu kuhusu programu hiyo, na hapo ndipo alipoteleza. Kule mtandaoni, kila anayerekebisha programu jina lake huingia lenyewe kwenye orodha. Kwa miaka sita Idrisa hakuwahi kuandika orodha ile kwa mkono, basi hata kitabuni hakuikumbuka. Kikachapwa, kikapangwa dukani kwa Bi. Saumu, na ndani hamna jina ila lake. Aligundua siku ya kusaini, ameshaketi mezani, watu wamejipanga hadi mlangoni. Hata chai ikamshinda.

"Nikuandikie nani, dada?" akamuuliza wa kwanza.

"Prisila Mwakalinga."

Kalamu ikasimama. Nyuma yake mwanamume mwenye kofia akasema, "Na mimi Hamadi, kaka. Majina yetu tumeyatafuta ukurasa kwa ukurasa, tukadhani macho yetu mabovu."

Idrisa alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisameheni jamani. Nimezoea yanajiandika. Toleo la pili nitawaweka."

"Na hili la kwanza?" akauliza Prisila. Hakucheka.

Bi. Saumu naye akaja na nakala ya kwanza. "Wanangu, desturi ya duka hili mnaijua? Nakala ya kwanza husainiwa na mkono mmoja tu. Mwaka fulani niliwaachia wawili, wakagombea nani aandike juu, ukurasa ukachanika. Sirudii."

Nakala hiyo ilikuwa ya zahanati, na Nesi Eliwaza alikuwa ameifuata mwenyewe. Gari lake lingeondoka saa saba. Sasa ilikuwa saa sita na nusu.

"Akina mama wananiuliza kila kliniki," alisema nesi, "ni nani aliyeziokoa chanjo za watoto wetu? Nataka niwaonyeshe jina, wamwombee dua."

Idrisa akaisukuma kalamu katikati ya meza.

"Bila mimi ingenyamaza," alisema Prisila.

"Bila mimi ingesema isisikilizwe," alisema Hamadi.

"Bila mimi..." Idrisa alianza, akaona aibu kumalizia. Kitabu alikiandika yeye, lakini aliyewasahau wenzake ni yeye pia.

Nesi akatazama saa, akakifunua kitabu, akangoja.

Haya, toeni yale majibu mliyoficha mfukoni. Yuko aliyeanzisha, yuko aliyerekebisha, yuko aliyefanya isikike. Na kalamu ni moja. Wewe ungemkabidhi nani?